Tusiuze katani ghafi

Mhariri,

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, sisi wachuuzi wa Kariakoo tunauza mifuko inayofanana na kitambaa. Wateja wengi hawajui kwamba mingi ya hiyo nayo ni plastiki.

Katani tunayo. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, na mwaka 1964 tulizalisha tani 230,000 hivi. Sehemu kubwa ya katani ni selulosi. Wataalamu huichemsha kwa kostiki soda, huing'arisha, kisha huikata kwa asidi ya salfa mpaka zibaki chembe zisizoonekana kwa macho, ziitwazo nanoselulosi. Chembe hizo hupenda maji, kwa hiyo hubadilishwa kikemia ili zisinyonye unyevu. Zikitiwa katika karatasi, huiongezea nguvu.

Najua kazi hiyo ina gharama, na asidi yake haifai kumwagwa ovyo. Hata hivyo, naiomba Serikali na vyuo vyetu waanze na karatasi ya mifuko. Tukiendelea kuuza katani ghafi, kesho tutauziwa mali yetu wenyewe kwa bei ya ugenini.

Mchuuzi,
Kariakoo, Dar es Salaam.