Ufupisho Si Kazi ya Mkasi

Naomba nafasi katika jarida letu nitoe dukuduku langu. Jambo lenyewe si geni. Ni lile swali la ufupisho, ambalo likitajwa tu darasani watu huguna, na wengine hutazama dirishani kana kwamba kengele itakuja kuwaokoa. Ukiuliza kulikoni, utaambiwa, "Aa, ufupisho ni bahati tu, bwana. Leo unapata kumi, kesho unapata tatu." Mimi nasema hapana. Ufupisho si bahati nasibu, wala si kazi ya mkasi. Ni kazi ya kuamua. Na kwa maoni yangu, unatushinda kwa sababu tumezoea watu wengine watuamulie.

Tuanze na mtihani, maana ndio unaotukosesha usingizi. Katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili ya KCSE, ufupisho hubeba alama 15 kati ya 80. Ni sawa na alama za ufahamu, na unazipita zile 10 za isimujamii. Mtahiniwa hupewa taarifa, akaambiwa afupishe aya fulani kwa maneno kadha bila kupoteza maana. Hupewa nafasi ya matayarisho na nafasi ya nakala safi. Akizidisha maneno anaadhibiwa, akikosea tahajia na sarufi anaadhibiwa, na mtiririko nao hutazamwa. Kumbe basi swali hili moja linapima kusoma, kufikiri na kuandika kwa pamoja. Halichezewi.

Sasa tazama tunavyolifanya. Wengi wetu huanza kuhesabu maneno kabla hatujajua mwandishi anasema nini. Tunatoa "sana", tunatoa "kwa hakika", tunaruka mstari huu, tunanakili ule, mradi tufike 60. Huo ndio ninaouita mkasi. Mkasi haujui kusoma. Ukiupa leso utakata hata yale maandishi ambayo ndiyo yaliyomfanya mama ainunue.

Wengine wana dawa ya mkato waliyorithishana bwenini. Ati wazo kuu la aya liko katika sentensi ya kwanza, basi chukua sentensi ya kwanza ya kila aya, unganisha kwa "pia" na "vilevile", umemaliza. Ni kweli kwamba waandishi wengi hutanguliza wazo kuu, hasa katika vitabu vya kiada. Lakini wengine huliweka mwisho, wengine katikati, na wengine hawaliandiki waziwazi hata kidogo. Wanakuachia ulikusanye mwenyewe. Hebu tuijaribu dawa hiyo kwa aya hii niliyoitunga:

"Gugumaji ni mmea wenye ua la kupendeza, la rangi ya zambarau hafifu. Asili yake ni Amerika Kusini, na watu waliusafirisha kwingineko kwa ajili ya urembo wake. Lakini mwulize mvuvi wa Kisumu au wa Homa Bay. Mmea huo ukitanda juu ya Ziwa Victoria, mashua yake haitoki ufukoni na nyavu zake hazifiki majini. Chini ya zulia hilo la kijani, hewa hupungua majini na samaki hutaabika. Konokono wanaoeneza kichocho hupata makao, na mbu vilevile. Hata mitambo ya kuvuta maji huzibwa."

Dawa ya bwenini inatupa jibu hili: "Gugumaji ni mmea wenye ua la kupendeza." Loo! Mvuvi akisikia hayo sijui atacheka au atalia. Mkasi nao unatupa hili: "Gugumaji ua la kupendeza asili Amerika Kusini mashua haitoki nyavu hazifiki konokono mbu." Hiyo si sentensi, ni orodha ya mtu anayetumwa sokoni.

Basi tuamue. Swali la kwanza: aya hii inazungumzia nini? Gugumaji. Hiyo ni mada, na wengi wetu tukifika hapo tunaweka kalamu chini tukidhani tumefika. Swali la pili ndilo lenye uzito: inasema nini juu ya gugumaji? Inasema kwamba linawadhuru watu na viumbe wa ziwani. Hilo ndilo wazo kuu. Rudi uitazame aya ile. Hutapata sentensi hata moja inayolitamka wazi. Imetubidi tuliunde sisi wenyewe.

Swali la tatu: kila sentensi ina kazi gani? Nikiitoa, wazo kuu litayumba? Nikitoa ua na Amerika Kusini halitayumba, maana hayo ni mlango tu wa kutuingizia ndani. Kisumu na Homa Bay ni mifano ya mahali. "Zulia la kijani" ni tamathali ya usemi. Lakini nikitoa uvuvi, samaki, maradhi au mitambo, lile dai la madhara linakosa miguu ya kusimamia. Sasa naweza kuandika: "Gugumaji lina madhara katika Ziwa Victoria: linazuia uvuvi, linawapunguzia samaki hewa, linawapa makao viumbe waenezao maradhi na linaziba mitambo ya maji." Ni maneno 21.

Angalia mambo mawili hapo. Kwanza, mashua na nyavu zimeingia ndani ya neno moja, "uvuvi", na konokono na mbu wakawa "viumbe waenezao maradhi". Ni kama mama aliyetoka sokoni na ndizi, maembe na mapapai, akiulizwa amenunua nini akasema, "Matunda." Mkasi hauwezi kazi hiyo, kwa kuwa mkasi hupunguza tu, haukusanyi. Pili, sikuongeza maoni yangu kwamba gugumaji ling'olewe au nani alaumiwe. Huenda nina maoni hayo, lakini si ya mwandishi. Anayefupisha ni mjumbe, na mjumbe hapeleki salamu ambazo hakutumwa.

Mtu atasema, "Hayo ni magumu, sisi hatuna kipaji." Wapi! Kipaji tunacho, tena tunakitumia kila siku kwa mdomo. Timu yetu ikicheza ugenini, wewe ukabaki shuleni, unamwuliza aliyerudi, "Ilikuwaje?" Anakujibu, "Tumefungwa mbili kwa moja, tena dakika za mwisho." Haanzi na rangi ya soksi wala matope ya njiani. Nani alimfundisha? Msomaji habari wa redio hutanguliza muhtasari kabla ya habari kamili. Leso ina mstari mmoja tu, lakini jirani aliyekusudiwa akiusoma ataupata ujumbe wote na usiku asilale. Wazee walipokuwa wakituma telegramu posta, kila neno lilitozwa pesa, na hakuna aliyepoteza shilingi zake kueleza hali ya hewa kabla ya kusema kuna mgonjwa nyumbani. Ujuzi huu ni wetu. Swali langu ni hili: mbona tukishika kalamu unatutoroka?

Jibu langu ni kwamba tunatafuniwa mno. Katika masomo mengi tunaletewa noti zilizokwisha fupishwa. Zinasomwa, tunaandika, au zinajaa ubaoni, tunanakili. Mwalimu amesoma kurasa kumi, ameamua lipi ni kubwa na lipi ni dogo, na sisi tunapokea nukta sita zilizo tayari. Aliyefanya zoezi la ufupisho ni nani hapo? Ni mwalimu, na yeye haufanyi mtihani. Halafu Jumanne moja katika kipindi cha Kiswahili tunaambiwa, "Fupisha," tukatoa macho kama samaki wa barafu.

Wala tusiwatupie walimu mzigo wote. Sisi wenyewe tunapenda kutafuniwa. Riwaya iko mezani, lakini mkononi tuna mwongozo, kwa sababu mwongozo umeshatuambia maudhui ni haya na wahusika ni hawa. Ukifungua kitabu cha Historia cha mwenzako utakuta kila sentensi imepigwa mstari, ukurasa mzima unang'aa manjano. Ukipiga mstari kila mahali umeamua nini? Hujaamua lolote. Umekipaka kitabu rangi tu.

Najua upande wa pili una hoja, tena nzito. Walimu watasema silabasi ni ndefu, muda ni mchache, na darasa lina wanafunzi wengi; wakituachia tujitafutie wazo kuu, tutamaliza lini? Hoja hiyo siipuuzi. Noti zilizo tayari zinaokoa muda leo. Lakini muda huo tunaulipa baadaye, tena kwa riba, wakati wa marudio, tunapokariri nukta ambazo hatujui zilitoka wapi wala zinashikamana vipi. Ukiibadilisha lugha ya swali kidogo tu, tumepotea. Hata mtaala wa umilisi, ambao wadogo wetu wanausoma, unasisitiza mwanafunzi atende mwenyewe, si kupokea tu. Kwa hiyo siombi noti zifutwe zote. Naomba tupewe nafasi ya kutafuna angalau tonge moja.

Kwa heshima zote, walimu wetu, nina maombi matatu. La kwanza, ufupisho uanzie mdomoni. Tusome aya mara mbili, tufunge vitabu, kisha mmoja asimame aseme kwa sentensi moja mwandishi amesema nini. Kitabu kikiwa kimefungwa huwezi kunakili, na hesabu ya maneno inaweza kungoja. Ni dakika kumi tu kwa wiki. La pili, tukikosea tuelezwe kwa nini jambo tulilolichagua si hoja: ni mfano, ni takrari, ni pambo au ni maoni yetu? Alama 4 kwa wino mwekundu inaniambia nimeanguka, lakini hainionyeshi jiwe lililonikwaza. La tatu, walimu wa masomo mengine, mara mojamoja tuachieni mada moja ndogo tuiandikie noti wenyewe, kisha mtusahihishe. Tukizoea kutafuta jambo kubwa katika Historia na Biolojia, tutalipata katika Kiswahili pia.

Nanyi wenzangu, tusingoje kusukumwa kama gari bovu. Ukimaliza kusoma ukurasa wowote usiku huu, weka kiganja juu yake ujiulize, "Amesema nini?" Ukishindwa kujibu kwa sentensi moja, bado hujausoma, hata kama umekesha.

Na kwa nini niyapigie kelele haya yote? Kwa sababu alama 15 zitakwisha siku ya mtihani, lakini hatutaacha kuhitaji kujua tunachoambiwa. Kuna watu wazima wanaotia sahihi mkataba wa mkopo wenye kurasa nane wakishika jambo moja tu, kwamba pesa zitatoka kesho. Sehemu inayosema shamba ndilo dhamana iliwapita. Kuna mikutano ambapo kiongozi huzungumza saa mbili, anashangiliwa, na tukirudi nyumbani tukiulizwa amesema nini tunajibu, "Alikuwa anaongea vizuri kweli." Tumebeba mapambo, wazo kuu tumeliacha uwanjani. Siku hizi zipo hata programu za kompyuta zinazofupisha taarifa ndefu kwa kufumba na kufumbua. Sizikatai. Lakini programu ikiacha jambo kubwa ikaleta ua la gugumaji, nani ataligundua kosa, ikiwa sote tulizoea kupokea tu?

Napendekeza chama chetu kianze, tusiishie kwenye maneno. Katika kila mkutano, mwanachama mmoja alete habari moja kutoka gazeti la Taifa Leo aisome kwa sauti mara mbili. Sisi wengine, bila kuandika, tuseme kwa sentensi moja habari hiyo inasema nini. Tutabishana, na hapo ndipo tutakapojifunza, maana kila mmoja itambidi aeleze kwa nini ameacha hili akachukua lile. Ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo. Atakayeleta habari ya kwanza ni nani? Mimi niko tayari.