Santuri Zilizosahaulika na Tarumbeta Lililofungiwa Stoo



Juma lililopita mwamini mmoja alifika ofisini kuandikisha ubatizo wa mwanawe. Akaitazama rafu yenye santuri zangu, kisha akauliza kwa upole: "Baba Paroko, zote hizi ni za mpiga tarumbeta mmoja? Mbona ule wimbo wake unaojulikana haumo?" Nikacheka. Ndipo akaishika moja na kuongeza: "Na hii, mbona haijafunguliwa?" Hapo sikucheka tena.

Mpigaji huyo ni Hugh Masekela, mwana wa Afrika Kusini, aliyezaliwa mwaka 1939 na kufariki dunia Januari 2018. Ulimwengu unamkumbuka hasa kwa "Grazing in the Grass", muziki usio na maneno ulioshika nafasi ya kwanza nchini Marekani mwaka 1968. Ni muziki mzuri, wala siudharau. Ila wimbo uliopendwa na wote hautahitaji mlinzi, utajilinda wenyewe. Mimi nimezitafuta zile kazi zilizopita kimya.

Ya kwanza ni ile aliyoipiga na kundi la Jazz Epistles, pamoja na Abdullah Ibrahim, Kippie Moeketsi na Jonas Gwangwa, vijana waliothubutu kupiga jazi yao wenyewe chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi. Ilitoka mwaka 1960. Mwaka huohuo, mwezi Machi, polisi waliwaua watu 69 huko Sharpeville. Kundi likasambaratika, na Masekela akaondoka nchini. Asingerudi kuishi kwao hadi mwaka 1990. Ya pili ni "Home Is Where the Music Is", santuri mbili katika jalada moja, iliyorekodiwa London na kutolewa mwaka 1972. Humo yumo mpiga saksafoni Dudu Pukwana, mkimbizi mwenzake. Hakuna wimbo wa kuchezea dansi pale. Kuna watu walio mbali na nyumbani, wakizungumza kwa pumzi zao. Ya tatu aliifanya na kundi la Hedzoleh Soundz kutoka Ghana, ikarekodiwa Lagos na kutolewa mwaka 1973. Mwafrika aliyefukuzwa na sheria za nchi yake alipata nyumba kwa Waafrika wenzake.

Je, padre ana haja gani na mambo haya? Katika Injili ya Yohane, sura ya 6, Bwana alipokwisha kuwashibisha makutano, hakuridhika kuona watu wameshiba. Aliwaagiza wanafunzi wavikusanye vipande vilivyobaki, kisipotee kitu. Vikajaa vikapu kumi na viwili. Msimamo wangu ni huu: mkusanyaji wa kazi zilizosahaulika anaweza kuwa mtumishi wa agizo hilo. Karama ya mtu haikamiliki katika ule wimbo mmoja uliouzwa sana. Imo pia katika zile saa alizopiga bila kushangiliwa, na Mungu aliyeitoa karama hiyo alizisikia zote.

Lakini vikapu vile vilikusanywa kwa sababu ni chakula. Yupo mkusanyaji mwingine, yule tajiri wa Luka sura ya 12, aliyejenga ghala kubwa zaidi kwa ajili yake mwenyewe. Santuri ile isiyofunguliwa nimekaa nayo miaka miwili. Sikuifungua kwa kuhofia kwamba thamani yake itashuka. Nimeihifadhi sauti ya mtu, nisimruhusu kusema! Hilo, ndugu zangu, si uhifadhi. Ni kuzika talanta ardhini.

Tena tukumbuke karama ya Masekela ilianzia wapi. Alikuwa kijana msumbufu katika shule ya misheni ya Mtakatifu Petro, Johannesburg. Padre wa Kianglikana, Trevor Huddleston, alimuuliza anataka nini hasa maishani. Kijana akajibu kwamba akipata tarumbeta hatamsumbua mtu tena. Padre hakumpa hotuba. Alimpatia tarumbeta, akamtafutia na mwalimu. Baadaye Louis Armstrong mwenyewe alituma tarumbeta kutoka Marekani kwa bendi ya vijana wale. Huddleston huyo ndiye aliyekuja kwetu kuwa Askofu wa Kianglikana wa Masasi, tangu 1960 hadi 1968. Si padre wa Kanisa letu, lakini katika jambo hili amenifundisha.

Nasema amenifundisha kwa sababu nina la kuungama. Katika stoo yetu nyuma ya sakristia limo tarumbeta lililobaki tangu parokia ilipokuwa na bendi. Mwaka jana kijana mmoja aliniomba ajifunzie. Nilimkatalia. Nilisema angeliharibu, na kwamba hata Misani huchelewa. Jioni ya siku hiyohiyo nilikaa nikasikiliza santuri za Masekela, wala sikuona kinzano lolote. Nilikuwa nayapenda matunda huku naing'oa mbegu.

Kwa hiyo nimeamua mambo mawili. Jumamosi hii, baada ya Masifu ya Jioni, santuri ile itafunguliwa ukumbini, nasi tutaisikiliza pamoja. Na tarumbeta limekwisha kutolewa stoo. Kijana yule analo nyumbani kwao tangu juzi. Majirani zake tayari wamelalamika. Nawaomba uvumilivu.

Nanyi mtazame rafuni na stoo kwenu. Mnatunza nini kwa ajili ya Mungu na jirani, na mnaficha nini kwa hofu?

Nawatakieni Dominika njema. Mungu awabariki.

Paroko wenu