NANI KASEMA AJALI HAINA KINGA?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mwaka huu nimekuja kuteta na methali.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Sina nia ya kuwavunjia heshima. Wahenga hawakuwa na pikipiki. Lakini jamani, nimechoka kuisikia methali hii. Kijana akianguka na pikipiki, watu hukusanyika hospitalini au matangani. Mzee mmoja hutikisa kichwa, akasema, "Ajali haina kinga," na wote wakaitikia, "Kweli kabisa." Mambo yakaishia hapo. Hakuna anayeuliza kama alikuwa amevaa helmeti. Hakuna anayeuliza nani alimfunza kuendesha, wala breki za ile pikipiki zilikuwa katika hali gani. Methali imegeuzwa blanketi la kufunikia maswali.

Rai yangu ni hii: ajali nyingi za pikipiki zina kinga. Tena kinga yenyewe huanza siku ile kijana anapokwenda kununua pikipiki yake ya kwanza, kabla hata hajawasha injini.

Huenda ukauliza, mwanafunzi na pikipiki wapi na wapi? Ndugu msomaji, tazama vizuri. Hapo awali bodaboda ilikuwa baiskeli, ikivusha watu na mizigo kule Busia, mpakani mwetu na Uganda, na huko ndiko jina lilikotoka. Mwaka wa 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo zisizofika cc 250, nazo zikatapakaa vijijini kama kumbikumbi baada ya mvua. Siku hizi kijana akimaliza Kidato cha Nne na matokeo yasimpeleke chuoni, jambo la kwanza kutajwa nyumbani ni pikipiki. Baba anauza ng'ombe, mama anakopa kwenye chama, na mwana anakabidhiwa ufunguo. Katika madarasa haya haya tunayoketi wamo watakaoushika ufunguo huo kabla ya miaka miwili kwisha. Na sisi wengine tusiowaza kununua, je, siku ya kufungua shule huwa tunafika hapa kwa nini kama si kwa bodaboda, sanduku likiwa juu ya tangi?

Sisemi pikipiki ni mbaya. La hasha! Imewafikisha kina mama wajawazito hospitalini usiku wa manane. Imefikisha maziwa kabla hayajaganda. Imelipa karo ya watu wengi, pengine hata yako wewe unayesoma. Ninalolalamikia ni jinsi tunavyoichagua na jinsi tunavyojifunza kuiendesha.

Tuanzie dukani. Vijana wengi huchagua pikipiki kwa macho na masikio: rangi yake, vibandiko vyake, na ngurumo ya ekzosi. Mimi naona mnunuzi wa mara ya kwanza ajiulize maswali matatu.

Swali la kwanza ni la miguu. Keti juu ya pikipiki ikiwa imesimama. Je, nyayo zako zote mbili zinakanyaga chini sawasawa? Ukigusa ardhi kwa ncha za vidole tu, hiyo si yako, hata ukipewa bure. Nyingi za pikipiki tunazoziona barabarani zina uzito wa zaidi ya kilo 100. Ongeza abiria na gunia la viazi, kisha usimame kwenye mteremko wenye matope. Hapo kidole cha mguu kitashika nini? Zile Yamaha ndefu za barabara mbovu, ambazo machifu na maafisa wa kilimo wamekuwa wakiziendesha, ni imara kweli kweli, lakini kwa mtu mfupi anayeanza ni mlima.

Swali la pili ni la nguvu. Pikipiki ya cc 100 au 125 inatosha kujifunzia na hata kufanyia kazi. Mwenye milima na mizigo kwao atachukua ya cc 150. Zaidi ya hapo, anayeanza anatafuta sifa. Mkono wake bado haujui kipimo. Kwenye pikipiki ndogo, akizidisha mafuta bila kukusudia, inaruka kidogo na anashtuka. Kwenye kubwa anajikuta mtaroni.

Swali la tatu ni la fundi na spea. Bajaj Boxer na TVS zimejaa kila stendi kwa sababu hata soko dogo lina fundi anayezijua na duka lenye vipuri vyake. Honda waliling'amua jambo hili zamani. CG125 yao, iliyotoka mwaka wa 1976, iliundiwa injini rahisi inayovumilia matunzo hafifu, na viwanda vingi vya Uchina vikaiiga. Pikipiki ambayo pedi za breki zake zinangojewa kutoka Nairobi kwa wiki tatu itaendeshwa bila breki kwa wiki tatu. Mnajua wenyewe jinsi tulivyo. Siku hizi kuna pia za umeme. Anayezitamani aulize kituo cha kubadilishia betri kiko umbali gani na kwao, na akumbuke kuwa hazina kelele. Mtoto aliye kando ya njia hatamsikia akija.

Kama ni pikipiki iliyokwisha tumika, nenda na fundi unayemwamini wewe, wala usimtegemee yule wa muuzaji. Fika injini ikiwa baridi, maana iliyopashwa moto mapema huficha ugonjwa wa kuwaka kwa shida. Ukiona moshi wa samawati, injini inakula oili. Meno ya sproketi yakiwa yamechongoka kama ndoana, yamekwisha, na cheni pia imekwisha. Shika breki ya mbele, ubonyeze usukani mara kadhaa, kisha uangalie kama springi za mbele zinavuja mafuta. Mwisho, linganisha namba iliyochongwa kwenye chesi na ile iliyo kwenye logibuku. Zisipolingana, rudi nyumbani na pesa zako. Polisi hawatajali kwamba wewe ulinunua kwa nia njema.

Hapa sasa ndipo penye kiini cha mateto yangu. Tuseme mzazi ametenga shilingi 180,000. Mara nyingi zote huishia kwenye pikipiki, na helmeti inaambiwa ingoje "pesa za wiki ya kwanza". Wiki ya kwanza nayo ina mafuta, ina deni, ina marafiki wanaodai kusherehekea. Mwezi unapita, helmeti bado iko dukani. Ndiyo maana nasema hesabu igeuzwe. Kwanza toa pesa za helmeti mbili, yako na ya abiria. Toa za koti la kumetameta, za mafunzo na leseni, na za bima. Kinachobaki ndicho bei ya pikipiki. Kisipotosha, nunua ndogo zaidi au ngoja mavuno mengine. Subira yavuta heri.

Helmeti si pambo la kuning'iniza kwenye usukani ili askari akiona anyamaze. Mwaka wa 2008 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi kutoka nchi mbalimbali. Ilionekana kuwa helmeti hupunguza hatari ya mwendeshaji kufa katika ajali kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Nani tena atasema haina kinga? Lakini iwe helmeti ya kweli, yenye alama ya ubora, inayobana kichwa bila kuumiza. Ukiifunga ukamba kisha ukajaribu kuisukuma itoke kwa nyuma, isitoke. Na ikishapata kishindo kikubwa mara moja, iage. Ule ukuta laini wa ndani umekwisha bondeka, hautafanya kazi mara ya pili, hata kama nje inang'aa.

Baada ya kununua, kuna kujifunza. Kijana hukaa miezi akibishana na wenzake ni pikipiki gani nzuri, kisha anajifunza kuiendesha alasiri moja tu kwenye uwanja wa shule ya msingi. Akijua kuachilia klachi bila injini kuzima, ati amehitimu! Kesho yake yuko stendi akibeba mama na mtoto. Nchini mwetu kuna leseni ya daraja A2 kwa pikipiki ya kawaida na A3 kwa anayebeba abiria. Wengine huona leseni ni karatasi ya kumwonyesha askari, lakini faida yake kubwa ni yale masaa ya mafunzo yaliyo nyuma yake.

Chukua mfano wa breki. Vijana wengi huambiwa na wenzao, "Usiguse ya mbele, utapinduka." Basi wanategemea ya nyuma peke yake. Kumbe pikipiki inaposimama kwa ghafla uzito mwingi huegemea mbele, na gurudumu la mbele ndilo lenye nguvu kubwa zaidi ya kuisimamisha. Kwenye lami kavu, breki zote mbili hushikwa pamoja, ya mbele ikikazwa polepole hadi imara, pikipiki ikiwa imenyooka. Kwenye changarawe, matope, au katikati ya kona, ya mbele ikikamatwa ghafla ndipo unapoanguka. Hapo dawa ni kupunguza mwendo mapema kabla ya kufika. Mambo haya hufunzwa uwanjani, kwa kurudia mara hamsini, mwalimu akitazama.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni karibu mita 17 kwa sekunde. Ng'ombe akikatiza barabara, sekunde moja hivi hupita kabla mkono haujashika breki. Mita 17 zimekwenda bure. Kisha breki nzuri kwenye lami kavu zinataka kama mita 20 zaidi. Jumla ni mita 37, zaidi ya theluthi moja ya uwanja wa mpira. Mwalimu wa Fizikia atawathibitishia kwamba mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa breki huwa mara nne. Na hapo barabara ni kavu na uko peke yako. Ukiwa na abiria wawili na mvua ndiyo kwanza inaanza kunyesha, wakati vumbi na oili vinafanya lami iteleze kama bamia, usinitajie bahati.

Na sisi abiria tusijitoe. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaruhusu abiria mmoja tu, naye avae helmeti na koti la kumetameta sawa na mwendeshaji. Lakini siku ya kufunga shule utatuona watatu juu ya pikipiki moja, tukicheka, tukimwambia mwendeshaji, "Kaza, bana!" Yeye ni kijana kama sisi, anataka sifa, anakaza. Abiria ana mdomo. Unaweza kusema, "Punguza mwendo." Unaweza kusema, "Nishushe hapa." Aibu ya dakika moja haijamvunja mtu mguu.

Najua kuna watakaonipinga. Wengine watasema helmeti ina joto na inaharibu nywele. Kweli ina joto, lakini nywele huota tena. Wengine wana hoja nzito zaidi, nami siidharau: mwendeshaji ana mkopo wa kulipa kila siku, na akienda polepole hatapata za kutosha. Hili ni tatizo la kweli. Lakini tazama vizuri, hapo ndipo uchaguzi wa pikipiki ya kwanza unapoingia. Aliyenunua kubwa kwa deni kubwa anafukuzwa na deni barabarani. Aliyenunua ndogo inayolingana na uwezo wake, inayokula mafuta kidogo, anaweza kumudu kusimama mvua inaponyesha na kulala usiku. Isitoshe, mguu ukivunjika mkopo haupumziki.

Kuna na wazazi wanaosema, "Mwanangu hatapanda kitu hicho kamwe." Naelewa hofu yao. Miaka ya karibuni, wanaotembea kwa miguu na waendesha pikipiki wamekuwa wengi mno katika hesabu ya wanaokufa barabarani. Lakini marufuku hudumu hadi siku ya matokeo. Baadaye kijana huazima ya rafiki na kujifunza kwa kujificha, bila helmeti, bila mwalimu. Afadhali afunzwe mchana kweupe.

Kwa hivyo nina pendekezo kwa shule yetu. Kila mwaka, kabla ya Kidato cha Nne kuanza mitihani, tutengewe alasiri moja. Aitwe mwalimu wa udereva, aitwe muuguzi, na aitwe mwendeshaji wa bodaboda aliyefanya kazi hiyo miaka mingi bila kuanguka, maana wapo, na hao hatuwaulizi siri yao. Watuonyeshe jinsi ya kufunga helmeti, kukagua breki, cheni, taa na matairi asubuhi, na kukataa mzigo wa tatu. Chama chetu cha Kiswahili kiko tayari kutunga mabango ya kubandika stendi iliyo nje ya lango.

Wahenga pia walisema, tahadhari kabla ya hatari. Hiyo ndiyo methali ninayoomba tuitumie tangu leo. Na siku nyingine mtu akisimama matangani akasema ajali haina kinga, kwa heshima zote tumwulize, "Mzee, helmeti ilikuwa wapi?"