BARAZANI: Dhahabu ya Bibi na Chombo cha Kuinusa

Mwaka huu nilikusudia kuandika habari za harusi tatu tulizojaaliwa, lakini wahariri wameniambia harusi zina kurasa zake na picha zake. Basi nitaandika jambo ambalo wengi wenu mmelisikia kwenye simu nusu-nusu, na wengine mmelisikia limetiwa chumvi.

Hadithi ya chungu cha bibi mnaijua. Kwamba mwaka 1964, kabla ya kuondoka Pemba, alizika bangili zake na pauni zake za dhahabu shambani. Kila nyumba yetu ina riwaya yake: hawa husema chini ya mwembe, wale husema ubavuni mwa kisima, na wako wanaoapa kuwa vyungu vilikuwa viwili. Mimi mwenyewe nimelala usiku mwingi nikikihesabu kilichomo, kwa hiyo simcheki mtu.

Mwezi wa Machi mtoto wa ndugu yangu alinijia na sanduku jeusi mfano wa sanduku la fidla. Ndani mna mpini, na juu yake antena inayozunguka huru kama bawaba iliyotiwa mafuta, na waya unaokwenda kwenye kijisanduku cha kufunga kiunoni. Kijisanduku kina kitufe cha kuchagua: dhahabu, fedha, almasi. Kitabu chake kinasema kinaona dhahabu umbali wa mita 1,000 na kina cha mita 10. Amekinunua paundi 1,900 kwa fedha yake mwenyewe. "Ami," akaniambia, "nataka mfuko wa jamaa unisaidie 3,000 tu, za nauli na wachimbaji." Mfuko huo, ndugu zangu, ndio unaotuzikia maiti wetu na kuwalipia ada watoto wa ndugu zetu walioko nyumbani. Tena nikapata habari kuwa wengine wenu mmeshampelekea hamsini hamsini kimya kimya.

Nikamwambia, haya, tukijaribu kwanza. Tulipanga ndoo kumi kifudifudi kwenye bustani yangu ya nyuma, na mke wangu, baada ya maneno mengi, akatoa bangili zake nne. Mara ya kwanza tukazitia chini ya ndoo ya tatu, yeye akiona. Antena ikageuka pale pale, taratibu, kama mbwa aliyesikia jina lake. Mara kumi kwa kumi. Nakiri nywele zilinisimama.

Kisha tukabadilisha. Yeye na mimi tuliingia jikoni tukafunga pazia. Mjukuu wangu mkubwa alichota kikaratasi chenye namba, akaficha bangili, halafu naye akaenda zake ghorofani, asije akatuonyesha kwa macho. Tulifanya hivyo mara kumi na mbili. Akapata mara moja. Na mtu anayechagua ndoo amefumba macho, katika mara kumi na mbili angetazamiwa kupata hiyo hiyo moja, na pengine mbili.

Muuzaji alipopigiwa simu alisema dhahabu iliyozikwa siku nyingi hutoa mvuke ardhini, na bangili za mke wangu hazijapata muda. Sasa hapa nisimame kidogo, maana ndipo uwongo ulipo. Dhahabu inasifiwa tangu enzi za Firauni kwa sababu haili kutu wala haipotei. Haiyeyuki mpaka ifike digrii 1,064 za joto, sembuse kutoa mvuke chini ya mwembe.

Mashine za kweli zipo, na kazi yake inaeleweka. Ina koili ya waya inayopeleka nguvu ya sumaku ardhini. Metali ikiguswa nayo hujibu kwa nguvu yake ndogo, na mashine ikalia. Lakini jawabu hilo hufifia upesi mno: kitu kidogo ukikiweka mbali mara mbili, jawabu hupungua kama mara 64. Ndiyo maana sarafu moja huonekana kiasi cha futi moja tu chini, na mtafutaji hana budi kupita juu yake. Yule Terry Herbert aliyepata hazina ya Staffordshire mwaka 2009, iliyothaminiwa paundi milioni 3.285 na kugawanywa baina yake na mwenye shamba, aliipata kwa mashine ya namna hiyo, akitembea konde hatua kwa hatua. Hakusimama kilimani akaelekezwa na antena.

Basi ile antena huizungusha nani? Mkono. Ukiinamisha mpini kidogo tu, kiasi ambacho mwenyewe huhisi, antena huteleza kwenda inakoinama. Bwana William Carpenter aliyaeleza haya mwaka 1852: moyo ukitarajia jambo, misuli hufuata bila ya ruhusa. Kijana wetu hakudanganya mtu. Alijidanganya, tena kwa fedha yake.

Na wamedanganywa wakubwa zaidi. Marekani mwaka 1996 mahakama ilipiga marufuku kifaa kilichoitwa Quadro Tracker, kilichouzwa hata kwa shule na polisi. Hapa Uingereza James McCormick alifungwa miaka kumi mwaka 2013 kwa kuuza ADE 651, mpini na antena vile vile, asili yake ni kitu cha mchezo cha kutafutia mipira ya gofu. Iraki ilinunua maelfu kutafutia mabomu, na mabomu yakapita. Hilo la kwetu, alhamdulillahi, ni la fedha tu.

Jioni ile nilimpigia simu shangazi, Maskati. Yeye ndiye mtoto wa bibi aliyebaki, na katika miaka yote hiyo ya hadithi hakuna aliyepata kumuuliza. Alicheka mpaka akakohoa. "Chungu gani, mwanangu? Mama alizivaa bangili mkononi chini ya buibui. Kwa sonara wa Mombasa ndiko zilikokwenda, moja moja. Ya kwanza ilikuwa kodi ya chumba. Mbili nauli ya baba yako. Ya mwisho aliiuza nilipoumwa." Na pauni za dhahabu? Akasema pauni hakuziona maisha yake, ila hadithi inapofika kwenye pauni watu hukaa vizuri kusikiliza. Kijana alikuwa amekaa pembeni yangu na simu iko wazi. Alitoka kwenda kuziokota ndoo.

Mfuko haukutoa kitu. Muuzaji hapokei simu tena. Kijana anawarudishia waliomchangia, kidogo kidogo kila mwezi, na nawaombeni msimtajie jambo hili kwenye harusi ya Agosti. Aibu aliyonayo inamtosha. Shangazi ameanza kumsimulia mjukuu wangu bangili ilikwenda wapi na kwa bei gani, na mtoto anaandika. Mpaka sasa wamefika ya tano.

Chombo kiko kwangu, chini ya ngazi. Anayetaka kukiona na aje, lakini apige simu kwanza, maana Ijumaa mchana huwa sipo.