RISASI HURUDI TANURUNI, AFYA HAIRUDI



Siku hizi jambo la kutumia tena vitu vilivyochakaa lasifiwa kila mahali. Sisi wafanya kazi hatulipingi. Mafundi wa jua kali pale Kamukunji, Nairobi, waligeuza mapipa makuukuu kuwa majiko na masanduku kabla wakubwa hawajaanza kulifanyia mikutano. Tena madini hayaoti kama mahindi; yakichimbwa yakaisha, yameisha.

Lakini yatupasa kuuliza: faida ni ya nani, na hasara ni ya nani?

Chukueni betri ya motokaa. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi. Betri ikifa, risasi haifi. Huyeyushwa katika tanuru ikawa betri mpya, na yaweza kuyeyushwa mara nyingi bila kupoteza ubora wake. Ni biashara nzuri. Lakini moshi wake na vumbi lake ni sumu. Huingia kwa pumzi na kwa chakula kiliwacho kwa mikono michafu, hukaa katika damu na mifupa, huharibu ubongo na figo. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kijulikanacho kuwa salama. Watoto ndio waumiao zaidi, na baba arudiye nyumbani na nguo za kazi huwapelekea sumu hiyo bila kujua.

Haya si maneno ya kutisha watu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha namna hii kilifanya kazi toka 2007 mpaka 2014. Watoto walikutwa na risasi katika damu. Bi. Phyllis Omido, aliyepata kuajiriwa humo, aliwaongoza wenyeji kudai haki yao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Rufani zikafuata, na Mahakama ya Juu ikatoa hukumu yake Desemba 2024, miaka kumi baada ya tanuru kuzimwa. Hukumu hulipa fedha; haiponyi damu.

Kwa hiyo, kila mahali vyuma na betri zinapoyeyushwa, tudai haya:

1. Damu ya mfanya kazi ipimwe kwa gharama ya mwajiri, naye apewe majibu yake mkononi.

2. Pawe na mahali pa kuoga, na nguo za kazi zifuliwe kiwandani.

3. Pawe na kamati ya usalama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yaitaka mahali penye watu 20 au zaidi.

4. Vibarua na wakusanyaji wa vyuma chakavu waandikishwe chamani. Wao ndio wapasuao betri kwa shoka na kumwaga tindikali mtaroni, na hawana wa kuwasemea.

Waajiri watasema kwamba mambo haya yataongeza gharama. Twawajibu: gharama ipo siku zote, neno ni nani ailipaye. Leo yalipwa na kibarua na wanawe.

Kuokoa madini ni jambo jema. Lakini kiwanda kiokoacho risasi na kutupa watu hakijaokoa kitu.

Ndugu, juma hili muulizeni mwakilishi wenu: kamati ya usalama i wapi?

Umoja ni nguvu.