Shoti ya betri si dawa ya presha

Siku ya soko hapa Base Camp utamwona: kijana wa shati jeupe, meza ndogo, kiboksi cha betri chenye waya mbili. Anakubandika vibandiko mgongoni, anawasha, nyama inaanza kurukaruka. Shilingi 5,000. Ati inatibu mgongo, presha, sukari, hata kukosa mtoto.

Mama Mkubwa wangu alikaa kwenye kiti kile mara sita. Mara ya sita akaambiwa presha imeisha, aache vidonge. Akaacha. Wiki tatu baadaye tulimpakia kwenye gari kwenda Mbarara usiku, mkono wa kulia hauinuki, mdomo umekwenda upande. Mpaka leo anakula kwa mkono wa kushoto.

Nikisimulia hivi, kuna watu wa mashirika wanaotikisa kichwa: wakimbizi hawajasoma, ndiyo maana. Hapo ndipo ninapogombana nao.

Volta, Mwitaliano, alitangaza betri ya kwanza mwaka 1800. Haikupita muda, watu wakaanza kuuza umeme wake kama dawa. Miaka ya 1850 Pulvermacher aliuza minyororo ya zinki na shaba, unailoweka kwenye siki halafu unaivaa mwilini. Baadaye London, Harness akauza mikanda ya umeme kwa matangazo makubwa, ati inaponya karibu kila kitu. Wanunuzi walikuwa Waingereza wenye shule na pesa. Miaka ya 1890 magazeti yakamwanika, kampuni yake ikaanguka. Kwa hiyo msituambie ni ujinga wa kambini. Mgonjwa aliyechoka kuumwa ni yuleyule, London au Nakivale.

Tuseme kweli yote. Kiboksi chenyewe si uchawi. Umeme mdogo unagusa mishipa ya fahamu, na kuna watu ambao maumivu yao yanapungua kwa muda. Hata wataalamu wa viungo hospitalini wanavyo. Lakini wao wanauliza kwanza: una mimba? Una kifaa cha moyo? Kijana wa sokoni haulizi kitu. Na presha haikai mgongoni. Haiumi, ndiyo maana unaweza kujisikia mzima huku inakuharibu moyo, figo na ubongo. Vidonge ni vya kila siku, hata siku unayojisikia vizuri.

Sasa mbona watu wanamwendea? Kituoni Mama Mkubwa alipanga foleni tangu alfajiri, akapata dakika tatu na mtu asiyejua lugha yake. Kijana yule alimsalimia kwa Kiswahili, akamwita mama, akamshika pale panapouma, akamsikiliza nusu saa. Uongo wake ulikuwa na heshima kuliko ukweli wenu.

Ndugu wa mashirika, wekeni mkalimani kila siku ya kliniki ya presha. Wapeni VHT vipimo vya presha, wapite nyumba kwa nyumba. Majirani, mtu akikuambia acha vidonge, ondoka kwenye hicho kiti, pesa yako udai.

Na wewe wa shati jeupe, najua gazeti hili linakufikia. Nyumba ya Mama Mkubwa unaijua. Njoo umwambie tena kwamba presha imeisha.