Ukurasa wa jamaa: « Babu alikuwaka soda »



Mwezi huu tuongee juu ya babu, yule aliyepita katika vita, akarudi, akazaa, akalea wajukuu. Katika jamaa nyingi mtu wa namna hiyo yuko, au alikuwako. Ukiuliza habari zake, wajukuu wanakujibu kwa neno moja: « Babu alikuwaka soda. » Soda wa wapi? Mwaka gani? Alifanya kazi gani huko? Hapo wanatazamana. Halafu mzee anakufa, tunakaa matanga, tunaimba, tunarudi kazini, na yote aliyoyaona yanazikwa pamoja naye.

Yuko mmoja ambaye hakusahauliwa. Tarehe 8 juni 2022, kule Kinshasa, mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani kaporali Albert Kunyuku. Mzee huyo alikuwa na miaka 100. Aliingia jeshini mwaka 1940 akiwa kijana, akafika mpaka Birma, ngambo ya Uhindi. Siku ile alihesabiwa kuwa wa mwisho aliyebaki hai katika askari wa Kongo wa vita ya pili ya dunia. Fikiri kidogo, msomaji: vita iliisha 1945, na nishani ile ilikuja miaka 77 nyuma yake. Wenzake walikuwa wamekwisha kuingia udongoni.

Wenzake hao walikuwa nani? Walikuwa askari wa Force Publique, jeshi la koloni. Wengine walipanda mpaka Uhabeshi kupigana na Waitalia, na mwezi wa julai 1941 jenerali Gazzera alijitoa mikononi mwao kule Saio. Lakini Wakongo waliopelekwa Birma walikwenda kwa kazi ya hospitali. Walikuwa karibu 350, pamoja na Wazungu karibu 20, wakifuatana na majeshi ya Waingereza. Walipokea waliojeruhiwa, wakawaosha, wakawafunga vidonda, wakawabeba. Sisi watu wa milima tunajua kipoyi. Tunajua uzito wa mgonjwa kwenye mabega wakati njia ni matope. Basi, kumbe mtu anaweza kwenda vitani na kurudi akiwa ameponya watu.

Na wewe mchimbaji, usiseme: « Babu yangu hakuvaa uniforme, habari hii si yangu. » Vita ile ilimfikia yeye pia. Mwanzo wa 1942 Wajapani walikamata Malaya, na Waingereza na Wamarekani wakakosa bati na mpira. Wakageukia Kongo. Mwaka uleule serikali ya koloni ikaongeza siku za kazi ya lazima, kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Mtu aliacha shamba lake, akaenda kutafuta mpira porini au kuchimba. Hata uranium ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 agosti 1945 ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, kule Katanga. Aliyeichimba hakuambiwa inakwenda wapi.

Kuna neno lingine gumu, na hatutalificha. Mwezi wa desemba 1941, mjini Elisabethville, leo Lubumbashi, wafanyakazi wa migodi waligoma wakiomba mshahara uongezwe. Askari wa Force Publique waliwapiga risasi, na wengi walikufa. Siku ile babu mmoja alikuwa na bunduki, na babu mwingine alikuwa na njaa ya watoto wake. Wote wawili ni wazee wetu. Kwa hiyo, tunapomkumbuka mzee wa vita, tusimfanye malaika, wala tusimhukumu kabla ya kumsikiliza.

Kwa nini jambo hili ni kubwa kwetu? Juu ya batoto. Tangu 1996 watoto wa Kivu wameona bunduki nyingi kuliko madaftari. Ukimwambia mtoto « babu alikuwaka soda » na kunyamaza hapo, atafikiri ni bunduki iliyomfanya babu kuwa mtu. Mwambie na mengine. Vita ya kaporali Kunyuku, kutoka 1940 mpaka 1945, ni miaka mitano, naye alifikia mia. Fanya hesabu hiyo kwa babu yako pia. Ile miaka mingine, nani alikupeleka kwa muganga usiku? Nani alikulipia masomo? Nani alikuachia kipande chake cha nyama, akisema ameshiba? Hayo nayo yasemwe siku ya matanga, tena mbele ya vijana.

Kama mzee angali hai, mwendee. Usimwulize kwanza aliua wangapi. Mwulize: « Babu, ulikuwaka na nani? Mulikulaka nini? Ni nani ulimuacha kule? Siku ya kurudi, nani alikupokea? » Asipotaka kusema, usimlazimishe. Kuna mambo yanayouma hata nyuma ya miaka 50. Kaa naye, mpe chai, urudi siku nyingine.

Andika anayosema katika daftari, na tarehe juu. Hapa Goma tunajua namna karatasi zinavyopotea. Tarehe 17 januari 2002 moto wa Nyiragongo ulikula nyumba na kila kilichokuwa ndani. Mwisho wa januari 2025 vita ilipoingia mjini, wengi walikimbia mikono mitupu. Basi, daftari liwe mawili: moja kwako, lingine kwa ndugu aliye mbali. Na kama mzee wako alikuwa katika vita hizi za karibuni, uwe na akili: usiandike majina ya vikundi wala ya wakubwa wao. Andika ya moyo wake tu, ili daftari lisije likamletea taabu.

Zaburi ya 78 inatufundisha kwamba yale tuliyoyasikia kwa baba zetu ni deni kwa watoto wetu. Jumapili hii, mkitoka kanisani, msipite nyumba ya babu. Ingieni na wajukuu, na mmoja awe na kalamu.

Mungu awalinde, hata ninyi mlio chini ya shimo. Tutaonana mwezi ujao.